Mahali pa Kumpigia Picha Baba Mkwe

Mume wangu ana sheria zake za barabarani. Hasimami kwenye kona, hasimami mlimani, hasimami nyuma ya lori lililoharibika, na hasimami mahali ambapo mimi nimesema "simama" tukiwa tumeshapapita. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyotugombanisha tangu Dodoma. Jicho langu huona kitu kizuri pale gari linapokiacha. Mpaka mdomo ufunguke, tumeshafika kijiji kingine. Yeye hunijibu, "Ungesema mapema." Sasa mtu atasemaje mapema juu ya kitu ambacho hajakiona? Basi tunanuniana kwa muda, halafu mmoja wetu anaomba karanga, yanaisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwao, Rungwe, kwa njia ya Mtera na Iringa. Wenye haraka huimaliza kwa siku moja. Sisi tulilala njiani, na lawama ni zangu, kwa sababu kila safari ya kwenda kwao ni safari ya kutafuta picha za kalenda. Kila mwaka natengeneza kalenda ya familia. Nachagua picha nilizopiga njiani na nyumbani, moja kwa kila mwezi, nampelekea mchapaji, halafu zinagawiwa kwa ndugu wa pande zote mbili. Mimi si mpiga picha wa kazi. Nina duka la dawa, na kamera nimeinunua mkononi kwa mtu aliyeacha kupiga harusi. Kalenda zangu hazina twiga wala jua linalozama. Zina mashine ya kusaga yenye unga mpaka kwenye kitasa cha mlango, mbuzi amelala juu ya mifuko ya saruji, duka lililopakwa rangi nusu na nusu ikasubiri mpaka leo. Vitu kama hivyo huwezi kuvipanga. Unasimama, unashuka, unatazama, na watu wanakutazama wewe wakijiuliza umepotelewa na nini.

Mteja wangu mkali kuliko wote ni baba mkwe. Kalenda yake inatundikwa chumbani kwake karibu na kitanda, na kila mwezi unapogeuzwa nasubiri simu ya mama mkwe. "Baba yenu anasema ng'ombe wa mwezi wa sita amekatwa mkia." "Anasema ule mti wa Mafinga ni mzuri, lakini mbona umeinama, ni mti au ni wewe?" Na mara nyingi alikuwa na haki, mti ulikuwa umenyooka. Kwa njia hiyo tulizoeana vizuri sana, mimi na yeye, watu wawili ambao hatujawahi kusemezana hata neno moja.

Hapo inabidi nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Akija kwa njia hii, wewe unachepuka migombani mpaka apite. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, jina lake hulitaji. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, hasa mjini, na kanisani utawakuta wakwe wamekaa benchi moja wanachangia kitabu cha nyimbo. Baba mkwe wangu hakuliacha. Si kwa ukali. Mume wangu anasema ni mtu wa utani mwingi, na nimeamini, maana nimemsikia akicheka ng'ambo ya ukuta. Yeye anakupisha kwa sababu anakuheshimu, basi. Mimi ni mtu wa Kondoa, kwetu mkwe ni mtu wa kumwamkia na kumshikia maji ya kunawa, kwa hiyo miaka ya mwanzo nilidhani hanipendi. Baadaye uchungu ukaisha ukabaki udadisi. Nimemzalia wajukuu, naijua sauti yake, kikohozi chake na mlio wa fimbo yake, na sijui kama ana masharubu au hana.

Ningeweza kuchungulia. Ndugu wamempiga picha kwa simu mara nyingi tu, na simu hizo zimepita mikononi mwangu kwenye sherehe. Nilizipitisha bila kutazama. Sidai utakatifu; nilikuwa nataka nikimwona nimwone kwa jicho langu, na kwa ruhusa yake.

Kalenda ya kwanza kabisa nilifanya kosa. Nilijiweka mwenyewe mwezi wa Machi, nimesimama na watoto mbele ya nyumba yetu, nimetabasamu meno yote nje. Aprili ilipoingia mama mkwe alipiga simu, akacheka mpaka akashindwa kusema. Kumbe Machi nzima mzee alikuwa ameigeuza kalenda ikatazama ukuta. Kila asubuhi akawa anauliza tarehe jikoni. Hakuichana, hakuishusha, hakulalamika. Aliipisha tu, kama ambavyo angenipisha mimi njiani. Tangu siku hiyo sijaonekana tena kwenye kalenda yangu. Watoto wanaonekana wakikua mwaka hadi mwaka, baba yao anaonekana akiongezeka tumbo, mimi niko nyuma ya kamera.

Mwaka huu habari zilibadilika. Presha ya macho ilikuwa imeshalifunga jicho lake moja, na daktari akasema la pili linafuata. Matone ya kuweka machoni ninamtumia mimi mwenyewe kutoka dukani, kwa hiyo najua yanaweza nini na hayawezi nini. Yanachelewesha. Hayarudishi. Na katika kalenda zote hizo, yeye hayumo. Mume wangu alikuwa amemwomba mara nyingi ampige picha kwa simu, mimi niiweke, naye akajibu kwamba picha ya kalenda apige mwenye kalenda. Ni jibu zuri, na halitekelezeki, kwa sababu mwenye kalenda haruhusiwi kumtazama.

Basi safari hii nilikuwa na shida moja tu, nyingine zote zilikuwa za kujifurahisha: nimpige picha baba mkwe, na picha hiyo aione mwenyewe kabla jicho halijafunga. Ili nifanye hivyo ilibidi nijue kwanza kamera ni jicho au si jicho. Mume wangu nilipomuuliza tukiwa Iringa alitafuna kwa muda mrefu, akasema, "Muulize mama." Mume wangu mambo yote magumu huyaelekeza kwa mama yake.

Mimi sikuweza kusubiri. Tulipoiacha njia kuu pale Uyole tukaanza kupanda, nikawa nauliza kila tuliposimama.

Kituo cha kwanza kilikuwa Isyonje, kwenye viazi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, malori ya kwenda mpakani yanapita yamewasha taa mchana, na kandokando magunia ya viazi yamejazwa mpaka yakawekwa kofia ya majani. Nilitaka hizo taa zikipita nyuma ya magunia. Nilipiga, zikatoka picha za maziwa matupu. Mama aliyekuwa akiuza viazi alinihurumia, akaniuliza natafuta nini kwenye ukungu. Nikamweleza habari ya viazi, halafu nikateleza nikamweleza habari ya mkwe. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya sweta.

"Sasa wewe hiyo kamera unaishika na nini?" akaniuliza.

"Na mikono, mama."

"Na unachungulia na nini?"

"Na jicho."

"Haya," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Niliondoka pale nimeshindwa kesi.

Baada ya Kiwira ukungu ulifunguka na chai ikaanza. Sijui niseme nini juu ya chai ya Rungwe ambacho hakijachoshwa na wapiga picha. Kila anayepita husimama pale pale, kwenye kona ile yenye nafasi ya kuegesha, na kupiga kile kile kijani. Mimi nilitaka chai yenye watu, na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu Dodoma, alisimama kabla sijasema. Aliona mwenyewe. Wachuma chai walikuwa mstari mmoja wanashuka mteremko, nailoni zimefungwa kiunoni kwa ajili ya umande, vikapu mgongoni, vichwa vinainama na kuinuka. Nilimshukuru sana nikashuka.

Niliomba ruhusa kwa mama wa karibu na barabara. Alikubali, halafu alipoona nimeinua kamera akainua mkono. "Unanipiga na hili linailoni? Subiri kwanza." Akalifungua, akalitundika kwenye mche wa chai, akafuta uso kwa khanga, akasimama wima kama yuko mbele ya mchungaji. Nikampiga hivyo, kwa adabu. Alipoona nimemaliza alicheka, akarudi kuchuma, na hapo ndipo nilipompiga ile niliyoitaka. Kisha nikamuuliza lile swali langu. Wenzake waliposikia walisogea, kila mmoja na lake, Kiswahili na Kinyakyusa vikachanganyika mpaka nikapotea. Yeye alisubiri wanyamaze.

"Mimi baba mkwe wangu ninaye," akasema. "Akipita huku karibu, nageuka naitazama chai. Mwili wote nageuza, si macho tu. Lakini akiwa ng'ambo ile," akanyoosha mkono kuelekea kilima cha pili, "namwona, anaonekana kadogo, na sigeuki. Yuko kwake, mimi niko kwangu. Nimgeukie nini mtu wa mbali?"

Nilisimama pale nikatazama kilima cha pili. Kulikuwa na mtu kweli, anatembea na baiskeli kandokando ya shamba. Kwa macho yangu alikuwa mdogo kama punje. Nikaivuta lenzi ndefu ya harusi niliyonunua pamoja na kamera, na mtu yule akaja na baiskeli yake, na shati lenye mistari, na sigara mdomoni. Nikaishusha kamera, akarudi kuwa punje. Niliporudi garini nikamwambia mume wangu kwamba sitafuti tena ruhusa ya kusogea, natafuta mahali pa kuwa mbali.

Kuanzia hapo sikuitazama tena barabara kama mwanzo. Nilikuwa natafuta miteremko miwili inayotazamana, katikati pasiwe na migomba mirefu, nyuma pasiwe na paa la kung'aa. Tukapita Tukuyu mjini mvua inanyesha, watu wamejibanza barazani, na mimi nahesabu vilima. Mume wangu akasema kwa huruma kidogo, "Kwetu pana mabonde, usiogope."

Kwao ni Kisondela. Mvua ilikuwa imeiharibu njia ya kuingilia, hivyo tuliacha gari kwa jirani mwenye uwanja tukapanda bodaboda, mimi nimekumbatia begi la kamera. Kabla hatujafika uani nilisikia fimbo inagonga shina la mgomba, kisha kile kikohozi cha kunijulisha kwamba yupo na yuko upande gani. Nikashuka, nikachepuka nyuma ya nyumba kama kawaida, nikatokea jikoni kwa mama mkwe.

Mama mkwe ni mwanamke mfupi, mwenye nguvu, anayeshika mkono wa mtu wakati wote wa maongezi, ukitaka kuondoka inabidi umwombe mkono wako. "Ugonile, mwanangu. Umekonda, au ni hiyo kamela nzito?" Alitupa ndizi zilizopikwa na maharage na parachichi za mti wa nyuma, tukala, tukapumzika. Kisha tukakaa sebuleni, na baba mkwe yuko chumbani kwake. Ukuta wa nyumba hiyo haufiki juu. Ukiwa sebuleni unasikia mtu wa chumbani akigeuza ubavu.

"Mwambie matone yamefika," sauti ikasema ng'ambo.

"Anasema matone yamefika," akasema mama mkwe.

"Nimesikia, mama. Anaweka asubuhi na jioni?"

"Anauliza kama unaweka asubuhi na jioni."

"Naweka."

"Anaweka," akaniambia mama mkwe, kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya maana. Mume wangu alikuwa anatazama paa. Yeye amekulia ndani ya maongezi ya namna hii na hayaoni ajabu.

Niliona nikichelewa nitaogopa, nikasema pale pale. "Mama, naomba umuulize. Nataka kumpiga picha ya kalenda. Si karibu. Kwa mbali."

Mama mkwe hakuipeleka mara moja. Alinitazama, akatazama ukuta. Mimi nilijua kwamba kule ng'ambo ameshasikia, kama nilivyosikia yote yake. Nilijiona mtoto wa watu aliyekuja na ujuaji wa Dodoma kuharibu adabu za wenyewe.

"Muulize atasimama wapi," sauti ikasema.

"Anauliza utasimama wapi."

"Ng'ambo ya kijito, mama, kwenye mteremko wa jirani. Yeye asimame huku."

Mzee akacheka. Mama mkwe akauachia mkono wangu akapiga goti lake. "Mwanangu, huyu mtu amenichosha. Tangu mlipopiga simu kwamba mnakuja anazunguka na fimbo. Hapa mgomba unaziba. Pale nyuma kuna choo cha jirani. Mara anatuma watu wakasimame ng'ambo, wamwambie kama anaonekana. Juzi kakaa mvuani akingoja jua lifike kwenye parachichi, ati ajue linafika wakati gani."

Watu wote niliosafiri nao maishani mwangu, mume wangu akiwa wa kwanza, huona kutafuta pa kusimama ni ugonjwa wangu peke yangu. Na huku mtu wa jicho moja, tena linalofifia, ametembea shamba zima akipima nuru na kuhangaikia choo cha jirani.

"Mwambie asubuhi," sauti ikasema. "Mchana mvua."

"Sasa mko wawili," akasema mume wangu.

Asubuhi palikuwa peupe, milima imeoshwa. Nilivuka kijito, nikapanda mteremko wa jirani mpaka kwenye chai yake, nikageuka. Baba mkwe alikuwa ameshasimama ng'ambo chini ya mparachichi wake, punje tu, na mume wangu punje nyingine kando yake ameshika simu. Tulikuwa tunazungumza kwa simu hiyo.

"Anauliza fimbo ionekane au iwekwe chini?"

"Ionekane."

"Anauliza kama choo kinaonekana."

"Hakionekani. Mwambie amepachagua vizuri sana."

Nikamsikia mume wangu akimwambia, na kwa nyuma nikamsikia mzee akisema "ee" ya kuridhika. Hapo hapakuwa tena na cha kuuliza. Ilibaki niinue kamera, na niliogopa. Si kwamba nilidhani litanipata jambo. Niliona haya, haya ya kweli, kama mtu anayesukuma mlango ambao siku zote amebisha hodi na kusubiri. Nilisema "naomba radhi, baba" kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyeisikia, nikainua.

Kwanza likaja jani la mgomba. Nikasogeza. Likaja koti jeusi lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Halafu uso.

Hana masharubu. Ana masikio makubwa, na mdomo wa mume wangu, ule ule, wa upande mmoja kupanda kabla ya mwingine. Amevaa kofia ya kanisani. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake; kwa sauti nilikuwa nimemjengea kifua kipana. Nikapiga, nikapiga tena, na katikati ya kupiga nikaona kwamba hanitazami mimi. Anatazama kando yangu kidogo, kwenye chai. Nikadhani ni adabu, hata kwa mbali vile, nikampenda zaidi.

"Anauliza uko wapi," akasema mume wangu kwenye simu.

"Mwambie nimevaa kitenge chekundu."

Akamwambia. Nikaona kwenye kioo cha kamera mzee akiweka mkono juu ya macho, akisogeza kichwa polepole, akitafuta. Alitafuta kushoto, akatafuta juu, akanipita.

"Anasema chekundu hakioni," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Nilimpiga na hiyo, mkono ukiwa juu ya macho. Kisha nikakaa chini kwenye chai ya watu nikalia kidogo. Nilikuwa nimejisifu kwa kutafuta umbali ambao hautamwaibisha yeyote, na umbali wenyewe ulikuwa unanifaa mimi tu. Mimi nilikuwa na lenzi. Yeye alikuwa amevaa koti la kanisani na kusimama kwa ajili ya mtu asiyemwona.

Mchana mvua ilikuja kama alivyosema. Mume wangu akaichukua kamera akaingia nayo chumbani kwa baba yake kumwonyesha, mimi na mama mkwe tukabaki sebuleni. Nilisikia wakielewana. Jicho lake lilikuwa limebakiza tundu dogo katikati, kwa hiyo ilibidi mume wangu aikuze picha na kuisogeza kipande kwa kipande, na kibonyezo kinalia kila mara. "Hiyo ni kofia, tata. Hili sikio. Huu mkono."

"Mwambie kofia imekaa upande," sauti ikasema.

"Anasema kofia imekaa upande," akasema mama mkwe.

"Mwambie ndivyo alivyoivaa."

Akacheka ng'ambo. Kibonyezo kililia tena, na tena. Wakawa wanapitia na nyingine, viazi vya ukungu, wachuma chai, mbuzi wa Mtera. Kila moja alitaka kujua tulisimama wapi na kwa nini pale.

"Muulize yeye yuko wapi."

Mama mkwe akanigeukia. "Anauliza wewe uko wapi kwenye picha."

"Mimi ndiye niliyepiga, mama."

"Anasema ndiye aliyepiga."

"Najua. Mwambie namuuliza miaka yote hii yuko wapi."

Mama mkwe hakuirudia hiyo. Nikajibu polepole kwamba nilijiondoa kwa ajili ya adabu yake, nisimsumbue chumbani mwake. Akaipeleka. Mzee akasema maneno marefu kwa Kinyakyusa. Mama mkwe akaanza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Anasema macho yakishafunga kabisa hatajua ampishe nani njiani. Anataka amfahamu anayempisha." Akaushika mkono wangu. "Picha si mtu, mwanangu. Nenda ukapigwe."

Basi tukatoka, mimi na mume wangu, tukasimama chini ya upenu wa jikoni. Nimewapangia watu wengi pa kusimama maishani mwangu. Nimewasogeza mabibi harusi na wajomba wanene, nimewaambia wageuke, washushe bega, wasogee kwenye nuru. Mwenyewe nilikuwa sijui niweke wapi mikono. Nilikwenda kwenye nguzo, nikarudi ukutani, nikataka nibadili kitenge. Mume wangu, ambaye hajui kupiga picha hata ya kitambulisho, alisema, "Simama hapo hapo ulipo," akapiga. Nikamwambia arudie. Akasema mzee anasubiri.

Nilirudi sebuleni nikakaa karibu na mama mkwe. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, ikapungua. Ng'ambo kibonyezo kililia, kikalia, na mume wangu hakusema hili ni sikio, hili ni jicho. Alikuwa anasogeza tu. Sijawahi kutazamwa kwa muda mrefu namna hiyo na mtu nisiyemwona. Nilikaa wima mpaka mgongo ukaniuma.

"Paji hili la uso," sauti ikasema.

Mama mkwe akafungua mdomo aipokee, akaufunga.

"Mjukuu wangu wa pili analo. Kila mwaka namwona kwenye kalenda nawauliza hapa, huyu paji hili kachukua kwa nani, sisi hatuna. Hakuna aliyenijibu. Kumbe ni lako."

Ukuta ulikuwa kati yetu, na hakukuwa na mtu aliyesema "anasema".

"Ni la mama yangu, baba," nikajibu.